Tundu Kwa Skating ya Baba

Kama umewahi kunusa filla mbichi, ule uji mweupe mafundi wanazibia nyufa za ukuta, unajua hiyo harufu haina ndugu. Si ya chakula, si ya dawa, si ya udongo. Ni kama mtu amechukua chaki ya mwalimu akailowesha, halafu akaisahau kwa kikombe ya chai. Juzi fundi alifungua yake hapa kwangu Ruiru, mimi niko jikoni nakata vitunguu, nikaacha kisu hapo hapo. Nilirudi kuwa mtoto wa Makongeni, Thika, bila kuomba mtu ruhusa. Na unajua ulimi wangu ulienda wapi kwanza? Kwa meno ya mbele, kuangalia kama iko yote.

Iko yote. Wacha nikuambie vile ilifika.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili kwa ile line ya nyumba zimeshikana mabega kama watoto wa paredi. Ukikohoa kwetu, Baba Njoro wa jirani anakujibu pole kutoka kwake. Sakafu nyekundu ya kupigwa polishi mpaka unateleza na soksi, kuta za chokaa iliyochoka, jiko la makaa mlangoni. Nyumba ya kawaida. Lakini tulikuwa na kitu moja hakuna mtu kwa hiyo line alikuwa nayo: skating. Ule ubao wa kuzunguka chini ya ukuta, pale ukuta inakutana na sakafu, ndiyo huo mafundi wanaita skating. Nyumba za watu wa kiwanda hazikujengwa na skating. Ya kwetu aliweka Baba.

Baba alikuwa anapasua mbao huko Industrial Area. King'ora cha jioni ikilia, wanaume wa line wanaanza kutokea kona, huyu na mkate, huyu na nanasi, huyu na sukari imefungwa kwa gazeti. Baba anatokea na kipande ya saipresi chini ya kwapa, zile zinabaki mashini ikimaliza kukata.

"Wenzako wanakuja na mkate," Mama anamwambia, "wewe unakuja na ubao. Sasa nipake siagi?"

"Ngoja," Baba anasema. "Utaona."

Tukaona. Aliranda, akapiga msasa, akapigilia misumari mpaka chumba cha mbele ikazungukwa yote. Mbao imenyooka kama rula. Shida ni moja: ukuta haikuwa imenyooka. Ukuta ya sitting room ilikuwa na tumbo katikati kama mtu ametoka kula pilau, halafu ikifika kwa kona inajivuta ndani, kama huyo mtu amekumbushwa kuna picha inapigwa. Kwa hivyo skating iligusa ukuta kwa tumbo tu. Kwingine kote kulikuwa na mwanya. Pahali ingine inaingia peni, na pale kona ya meza ya redio vidole vyangu vilikuwa vinaingia vyote mpaka kifundo.

Huo mwanya ulikula vitu jamani. Gololi, vifungo, sindano ya Mama, shanga za tasbihi ya Shosho, mama ya Baba. Kwetu ukipoteza kitu hukuwa unauliza iko wapi, ulikuwa unauliza imemezwa na ukuta gani. Na ndani humo alikaa panya yetu. Nasema yetu kwa sababu alikuwa mtu wa nyumba. Mlango wake ulikuwa hapo kona ya redio. Alikuwa anatoa kichwa wakati wa taarifa ya habari, anasikiliza kidogo, anarudi.

Sasa mwaka huo Baba akakubali wageni wa Idi waje kula kwetu wakitoka msikitini. Unajua hiyo inamaanisha nini. Ramadhani ilikuwa inaenda kuisha na Baba akaanza kuangalia kuta zetu kama daktari anaangalia mgonjwa hana dawa yake.

"Tupake rangi," akasema.

"Na hiyo mianya?" Mama akauliza.

"Nitamwita Sudi."

Uncle Sudi ni ndugu mdogo wa Baba. Alikuwa anakaa Witeithie na Shosho na alikuwa anapaka nyumba za watu kuanzia Thika mpaka Ruiru. Ovaroli yake ilikuwa na rangi zote, mpaka ukijua kusoma unaweza kujua amekuwa kwa nani: hii kijani ni ya mwenye bucha, hii pinki ni ya salon, hii bluu ni ya mwalimu, aliitaka kama mbingu ikatoka kama sare ya polisi. Alikuwa na pengo la jino moja la mbele, na alikuwa anaongea uongo mtamu na uso ya mazishi. Hucheki mpaka amemaliza, na hata akimaliza hujui kama unafaa kucheka. Nilimpenda kushinda mtu yeyote.

Kabla afike, msiba ulikuwa umenipata mimi. Jino yangu ya mbele ilikuwa imetoka kwa kaimati. Kaimati, bana! Kitu laini hivyo! Kama ingekuwa mfupa ningejisifu. Tena ilikuwa ya pili. Mwenzake ilitoka kitambo, nikairusha juu ya mabati kama watoto wote, nikaimba ile ya kuomba mpya, nikangoja. Wapi. Hii ya pili nikarusha na nguvu zaidi. Ikaenda ko, ko, kokoko, ikateleza ikarudi ikaniangukia mguuni. Nikarusha tena. Ikarudi. Watoto wa line wakashika tumbo: "Zaina amekataliwa na mabati!"

Nikampelekea Shosho mashtaka. Alikuwa amekuja kwetu kufungua saumu, amekalia mkeka anapuliza uji. Hakushangaa hata kidogo.

"Basi mpatie panya," akasema. "Umewahi kuona panya ameng'oka meno? Huyo ndiyo mwenye kazi. Mpatie yako mbaya, mwambie akupe yake nzuri."

Hiyo ilikuwa na akili. Mabati inajua nini kuhusu meno? Nikaenda kona ya redio, nikapiga magoti, nikasukuma jino kwa mwanya mpaka nikasikia imeanguka ndani, ti! Nikaongea na panya vizuri, kwa heshima. Nikamwambia nataka mbili, hiyo ingine amuulize mabati.

Na nilikuwa na haraka kwa sababu ya Rehema. Rehema ni binti ya shangazi yangu wa Ruiru, tumelingana umri lakini yeye alizaliwa akijua ni mrembo. Kila Idi baada ya kula tulikuwa tunaenda Ruiru, familia yote tunapigwa picha moja kwa studio, mbele ya kitambaa kimechorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria inapita juu yake, usiniulize inaenda wapi. Hiyo picha ndiyo inatundikwa ukutani mwaka mzima, kwetu na kwao. Rehema alikuwa na meno yake yote mapya, makubwa, amezipanga kama vikombe za wageni. Mara ya mwisho tulionana alinishika mkono mbele ya watoto wa kwao akasema, "Zaina, hebu sema 'sisi sote tunasoma'." Nikasema. Upepo ukatoka. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kutoka hiyo siku jina langu Ruiru ni Pengo.

Nikaapa picha ya Idi nitacheka na meno.

Mimi kwa akili yangu, na hapa nakuomba usinicheke kabla nimalize, nilijua jino inaletwa. Kwamba panya anaenda nayo huko anakotengenezea, anakuja na mpya kwa njia ile ile, anaiacha hapo mlangoni, halafu inaingia kwa mdomo yangu vile inajua yenyewe. Hakuna mtu aliwahi kuniambia inamea kwa ufizi. Mahindi ndiyo inamea. Meno inaletwa.

Basi asubuhi Uncle Sudi akafika na begi lake, skrepa, msasa, brashi zimefungwa kwa gazeti, na paketi ya filla ya unga. Akaitisha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Akamimina unga, akaongeza maji kidogo kidogo, anakoroga na ubao kama mama anasonga ugali ya wageni. Hapo ndipo hiyo harufu niliijua. Nikachuchumaa karibu.

"Uncle, ukinusa hii saumu haifunguki?"

"Inafunguka ukiramba. Usiniangalie hivyo, sijaramba."

Akakata magazeti vipande, akazilowesha kwa gundi, akaanza kuzishindilia kwa mwanya karibu na mlango. Juu yake akapaka filla na skrepa, akalowesha kidole, akapitisha. Mwanya ukapotea! Kama haukuwahi kuzaliwa. Mwanzo nilipiga makofi. Halafu nikaangalia vile anasonga, mlango, dirisha, kuzunguka, na nikaona anaelekea wapi.

"Uncle. Unaziba yote?"

"Yote. Huwezi paka rangi juu ya mwanya. Inaacha mstari mweusi chini, nyumba inakaa kama mtu amepaka wanja halafu akalia."

"Hata kona ya redio?"

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Nikimaliza hapo hata siafu atabisha hodi."

Moyo wangu ulianguka ukapotelea hapo kwa sakafu. "Na kama kuna mtu alikuwa analetewa kitu kupitia hapo?"

Uncle akasimamisha skrepa. Akaniangalia mdomo. Akaelewa. Na badala ya kunionea huruma, shetani wake wa utani akaamka.

"Wewe hujawahi kujiuliza yangu ilienda wapi?" akasema, uso umekauka. Akainua mdomo na kidole, akanionyesha pengo lake. "Nilipeana kwa panya, kule Witeithie, nyuma ya jikoni ya Shosho. Nilikuwa kama wewe. Kesho yake mzee wetu akachukua udongo, akaziba ukuta. Imekwisha. Mpaka wa leo." Akapunguza sauti. "Mvua ikinyesha nikiwa huko, naisikia inabisha."

Akarudi kwa kazi yake. Mabega yalikuwa yanatetemeka, lakini mimi sikujua huo ni kicheko. Mimi niliona mwanaume mzima na ndevu, anajinyoa mwenyewe, anafunga na kufungua saumu na wazee, na bado anangoja.

Nilijaribu kila kitu siku hiyo. Nilimfichia skrepa, akatumia kijiko. Nilimwambia kona ya redio kuna nyoka, akasema nyoka naye apate nyumba nzuri. Nilimwambia Mama anamwita, akasema niende nimwitikie. Karibu na magharibi nikatumwa kuleta tende kwa Baba Njoro, walikuwa wametuwekea kwa sababu dukani zilikuwa zimeisha. Nilikimbia hivi na hivi. Kurudi, kona ilikuwa imezibwa. Nyeupe. Laini. Nilikula tende na machozi, na wakubwa wakasema masikini, mtoto amefunga mpaka jioni.

Lakini asubuhi! Niliamka kabla ya kila mtu, nikaenda kona kuangalia kaburi la meno yangu, na nikapiga nduru mpaka Baba Njoro akauliza kupitia ukuta kama ni mwizi. Filla ilikuwa imepasuka! Ufa mwembamba kama nywele, kutoka kona mpaka mguu wa meza, mahali pale pale!

"Anasukuma! Mama! Panya anasukuma jino yangu!"

Mama akaja amefunga leso vibaya. Uncle Sudi akaja anapangusa macho. Akapiga magoti, akagusa na kucha.

"Hapana, hii ni filla imenywea. Mwanya ukiwa mkubwa huwezi jaza mara moja, lazima ikauke, ipasuke, uongeze ya pili. Ndiyo kazi yake, Zaina."

"Weka sikio."

"Kwa nini?"

"Weka tu."

Akaweka, kunifurahisha. Mimi pia nikaweka. Tukakaa hapo kichwa kwa kichwa. Na wallahi, kutoka ndani ya ukuta, tukasikia: kwaru. Kwaru kwaru.

Uncle Sudi, mtu wa kupanda ngazi za ghorofa tatu na brashi kwa meno, aliruka akatua juu ya kochi na miguu yote miwili. Huyo jamaa alikuwa anaogopa panya! Mimi nilikuwa nacheza katikati ya nyumba. Hizo ni habari gani nzuri hivyo! Anakwaruza! Yuko kazini! Ni ukuta tu imebaki kati yangu na Rehema!

Uncle akashuka, akachota filla ya pili. Mimi nikachukua mto wangu. Nikalala kwa sakafu, mgongo kwa skating, kona nzima nimeifunika.

"Zaina, toka."

"Sitoki."

"Nitakupaka na wewe."

"Nipake."

Mama akarudi na ufagio. "Wewe mtoto, sakafu ni baridi. Ondoka hapo mwenzako afanye kazi."

"Siondoki mpaka jino ifike. Mnataka nikae kama Uncle Sudi? Nizeeke nikingoja?"

Mama akageuka polepole. "Sudi. Umemwambia nini huyu mtoto?"

"Mimi? Nimemwambia tu ukweli."

"Ukweli gani?"

Uncle akaonyesha pengo. Mama aliuma leso yake asicheke, lakini macho ilimtoroka. Halafu akakaza uso.

"Sikiliza. Wewe ndiyo umefunga hilo fundo, wewe ndiyo utalifungua. Ndugu yako akirudi anataka kuona hiyo kona imezibwa. Na mimi sitaki mtoto alie nyumbani kwangu siku za Idi. Jipange."

Akaondoka na ufagio wake. Tukabaki wawili. Uncle akakaa chini kando yangu, filla inaanza kukauka kwa ubao, na kwa mara ya kwanza sikumwona na uso wa mazishi. Nilimwona na uso ya mtu amefungiwa na uongo wake mwenyewe, nje kumefungwa na kufuli.

"Zaina," akasema. "Jino ya panya inakuwa kubwa aje?"

Nilikaa. Hiyo sasa ilikuwa maongezi. Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. "Hivi."

Akafikiria. Akatoa peni mfukoni, ile anaandikia vipimo, akavuta wino akaweka kando, akabaki na mrija. Akaupeleka kwa mwanga wa dirisha, akachungulia ndani kama mwenye darubini, akanipa na mimi nichungulie.

"Inapita?"

"Moja moja," nikasema. "Na zikikuja mbili pamoja?"

"Zitapanga laini. Hata wewe shuleni si unapanga?"

Nikatoka kwa kona. Akakata mrija na wembe, akausukuma kwa gazeti la ndani mpaka ukatokea upande wa pili, akapaka filla ya pili kuzunguka, akalowesha kidole akalainisha. Kazi safi, sijawahi kuona. Kona imezibwa, na katikati yake tundu dogo la duara, kama jicho la sindano ya jitu.

"Panya mwenyewe hapiti," akaniambia. "Anasukuma tu kutoka nyuma. Hiyo mimi pia inanisaidia."

Ikakauka. Akapiga msasa mpaka unga mweupe ukatujaa nyusi zote mbili. Kuta zikapakwa krimu, skating ikapakwa kahawia ya kung'aa mpaka unajiona miguu. Mimi kila asubuhi sikio kwa tundu, ulimi kwa ufizi. Bado. Na Idi inakuja.

Siku ya kumaliza, Baba alirudi na tochi. Mbona tochi na jua bado iko? Hiyo ndiyo Baba. Akavua viatu, akapiga magoti, akapitisha kidole gumba juu ya kila futi ya mwanya. Hicho kidole kilikuwa kinajua mbao kushinda macho. Mlango, sawa. Dirisha, sawa. Tumbo la ukuta, akaguna vizuri. Akafika kona ya redio. Kidole kikasimama.

"Sudi."

"Naam kaka."

"Hii ni nini?"

Nilishika mkono wa Mama. Mama alishika wangu. Uncle Sudi hakupepesa hata jicho.

"Hiyo ni ya hewa."

"Hewa ya nani?"

"Ya mbao, kaka. Mbao ni kitu ilikuwa hai. Ukiifungia kabisa inakosa pumzi, inaoza kutoka nyuma. Siku hizi nyumba kubwa kubwa za Nairobi zote wanaacha."

Baba, mtu wa mbao miaka na miaka, alikaa hapo na tochi yake imewaka bure. Niliona anapigana na kitu ndani ya kifua. Halafu akasimama, akapangusa magoti.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakumbuka."

Mama aliingia jikoni mbio. Tulisikia sufuria imeanguka, na kicheko ndani yake.

Idi ikafika na takbira, na mafuta ya nywele, na pilau imeamka kabla yetu. Mimi niliweka ulimi: ufizi. Nikaweka sikio: kimya. Nikamwambia panya kwa tundu, sasa hiyo si heshima, watu tumekubaliana.

Wageni wakajaa. Na Baba, jamani, Baba hakungoja hata wakae. "Karibuni, karibuni. Mnaona skating? Hiyo ni saipresi. Na hapa kona nimeacha ya kupumua." Wazee wa msikiti wakainama na kanzu zao mmoja baada ya mwingine kuangalia tundu la panya yangu. Baba Njoro alikuwa amealikwa pia, amekuja na shati ya kanisa. Aliinama kushinda wote.

"Ati inapumua?"

"Lazima. Bila hiyo inaoza."

"Ngai!" Baba Njoro akajipiga paja. "Ndiyo sababu kabati yangu inanuka! Na mimi nimekuwa nikilaumu mama watoto!"

Kesho yake tulisikia msumari kupitia ukuta, ko ko ko, anatobolea kabati pua. Mpaka tukahama hapo, nyumba kadhaa kwa hiyo line zilikuwa na mbao zinapumua. Milango, vitanda, stuli moja.

Lakini mimi siku hiyo sikuwa na kicheko ya kutosha. Baada ya kula tukaenda Ruiru. Rehema alikuwa mlangoni na gauni ya manjano, anang'aa kama ua la alizeti lenye maringo.

"Sasa Pengo! Kumbe bado? Kwani huko Thika hakuna meno?"

"Ziko njiani," nikamwambia.

"Zinakuja kwa miguu?"

Studio tukapangwa mbele ya maporomoko. Wazee kwa viti, akina mama nyuma, watoto mbele, mimi kando ya Rehema. Uncle Sudi alisimama nyuma yangu, amenyoa, mdomo amefunga. Ndiyo nikaona kitu sikuwa nimeona maisha yangu yote: kwa kila picha ya Idi, Uncle Sudi, mtu wa kuchekesha watu wote, alikuwa amefunga mdomo. Nikashika mkono wake. Tufunge pamoja, basi.

"Haya, tucheke kidogo," mpiga picha akasema kutoka chini ya kitambaa cheusi cha kamera yake.

Rehema akanong'ona bila kusogeza midomo, "Usicheke, utameza kamera."

Niliuma mdomo kwa hasira. Na mdomo ukaumwa. Kitu kilinidunga. Nikaweka ulimi. Hapo kwa ufizi, pale pale, kulikuwa na kitu kali, kidogo kama ncha ya punje ya mchele.

"IMEFIKA!"

Na taa ikawaka.

Hiyo picha iko hapa kwangu mpaka leo. Watu wote wamekaa kama mabalozi. Rehema ameruka kando na macho nje, anafikiria namuuma. Mimi mdomo umefunguka kama kiboko, na jino haionekani kabisa, ni pengo tu, pengo kubwa kushinda ndege ya abiria. Na nyuma yangu Uncle Sudi, kichwa nyuma, anacheka mdomo wazi, pengo lake juu ya langu. Shangazi alitaka irudiwe. Baba akakataa, akasema hiyo ndiyo nzuri.

Nje, Uncle aliniinua akanielekeza kwa jua, akachungulia mdomoni kama fundi anaangalia kazi. "Wallahi imefika." Sikuuliza ilipandaje kutoka Makongeni mpaka Ruiru. Kitu ukishaletewa, utauliza njia ya nini? Lakini nilimwangalia yeye na furaha yangu ikaingia mchanga kidogo.

"Usijali, Uncle. Nitamwambia aende na Witeithie."

Alinibeba tu mpaka stendi, na nilikuwa mzito.

Nilimwambia kweli. Kila jino lililotoka baadaye nilipeleka kwa tundu, na kila mara nikaongeza: na ile ya Uncle Sudi, jikoni ya Shosho, nyuma, usisahau. Hata nilipokuwa mkubwa wa kujua meno inamea, nilimwambia mara moja ingine. Kumkumbusha mara ya mwisho hakuumizi mtu.

Sasa juzi, hii filla ya hapa kwangu. Fundi kijana yuko chini, siku hizi wanaifinya kutoka kwa ile pampu wanaita bunduki, iko tayari, hakuna kukoroga. Anazunguka chumba mwanya kwa mwanya, na mimi niko mlangoni namnusia kazi. Uncle Sudi akaingia. Ndevu nyeupe, kofia, mfuko ya ndizi. Hakupiga hodi, hakutoa salamu. Akasimama mbele yangu mdomo amefunga, uso wa mazishi.

"Uncle? Kuna nini? Nani amekufa?"

Akatikisa kichwa. Akaongea na midomo imebana. "Witeithie wamebomoa ile jikoni ya Shosho. Wanajenga ghorofa."

"Woi. Na mlihuzunika?"

Akafungua mdomo. Hapo mbele, pahali nimejua ni shimo maisha yangu yote, kulikuwa na jino. Nyeupe kushinda majirani wake wote.

"Ilikuwa hapo tu kwa ukuta," akasema. "Ilikuwa na vumbi kidogo lakini nimeosha."

Nilicheka mpaka nikajishikilia ukuta, na huo wa mlangoni fundi alikuwa ameshapaka, rangi bado mbichi, mkono huu mpaka leo ni krimu. Tulikuwa bado tunacheka wakati nilisikia vishindo vya kandambili. Ni Nuru, binti yangu. Jino yake ilitoka wiki iliyopita na alikataa kuniambia ameiweka wapi. Alikuwa amesimama hapo kwa mlango, amesikia yote. Akaangalia jino la Uncle kwa muda mrefu. Halafu akageuka polepole, akaangalia fundi amefika kona ya mwisho na bunduki yake.

"Wewe! Hapo hapo! Usifinye!"

Akatupa kandambili, akakimbia, akalala chini mgongo kwa skating, mikono imefunga kifua. Fundi akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Uncle Sudi. Yeye tayari alikuwa anapapasa mfuko wa shati, anatafuta peni.